Kikohozi Changu Nilikiita Vumbi

Tok.

Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko zote za miaka ile. King'ora cha kiwanda nakikumbuka pia, na mvua ya mawe juu ya mabati, lakini si kama hii. Ni mpira mgumu wa kriketi uliotiwa ndani ya soksi, soksi ikafungwa kamba, kamba ikaning'inizwa kwenye tawi la mkaratusi nyuma ya nyumba yetu. Kaka yangu Okinyi alikuwa akiupiga kwa kibao chake kila asubuhi kabla king'ora hakijalia. Tok. Mpira unaenda, unarudi. Tok. Mimi niko ndani chini ya blanketi, nahesabu. Akifika mia mbili najua nimechelewa kuwasha moto.

Naandika haya kwa sababu nimepona, na kwa sababu najua hata saa hii kuna mtu anakohoa mahali, na kikohozi chake amekipa jina zuri lisilomtisha. Mimi changu nilikiita vumbi.

Naitwa Akoth. Kwetu ni kule ziwani, lakini nilizaliwa hapa Kericho, kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Mama alikuwa mchumaji. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na shule yangu iliishia la nane, kwa hivyo usishangae nikiandika kama ninavyoongea. Ila ndoto sikuwahi kupungukiwa. Mama alikuwa akisema, "Huyu akipewa kijiko ataota sahani, akipewa sahani ataota harusi." Na ni kweli.

Ndoto zangu nyingi siku hizo zilikuwa za Okinyi. Mameneja wa shamba walikuwa na uwanja wao wa kriketi, nyasi zimekatwa fupi kama nywele za askari, na pande zote ni chai. Mpira ukiingia kwenye chai umepotea, kwa sababu juu majani yamebanana kama mkeka na chini ni giza. Jumapili sisi watoto wa laini tulikuwa tunaitwa kuutafuta. Wenzetu walikuwa wanakimbia huku na huku kama kuku. Okinyi hakuwa anakimbia. Alitazama tu pale majani yalipotikisika, akatembea pole pole, akainama, akatoka nao. Macho yake yalikuwa hayo.

Halafu Jumapili moja meneja mmoja hakufika, wakapungukiwa na mtu. Wakamweka Okinyi, miguu mitupu, awe wa mwisho kabisa kupiga ili asiharibu kitu. Chai yao ikapoa mezani wakimngoja ashindwe na mpira atoke. Hakutoka.

Tangu siku hiyo akapewa kazi ya stoo ili aichezee timu ya shamba. Baadaye akaichezea ya mkoa, kisha klabu moja ya Nairobi kila wikendi. Aliporudi nyumbani mimi ndiye nilikuwa namrushia mipira. Nilirusha hadi bega likawa kama la mwanaume. Mwishowe ikaja barua: aende kambi ya timu ya taifa, na kutoka kambini wachaguliwe watakaokwenda kucheza India. Wangelipwa.

Mama aliishika barua juu chini. "Kuna mtu analipwa kwa kucheza?"

"Ndio, Mama. Ni kazi."

"Na mimi ninayevunjika mgongo kwenye chai, kumbe ningecheza?"

Tulicheka sana. Mimi nikakohoa katikati ya kicheko, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Hawakugeuka kwa sababu nilikuwa nafanya kazi soti, chumba cha kiwandani ambapo chai iliyokauka inachekechwa. Pale hewa yenyewe ni rangi ya kahawia. Vumbi laini kama unga linaingia puani, kwenye nyusi, hadi kwenye sidiria. Tulijifunga leso mdomoni lakini wapi. Kukohoa kule ni kama kuvaa aproni, kila mtu anako. Saa nne tulikuwa tunapewa kikombe cha maziwa, na watu wote wa soti waliamini maziwa yanaosha kifua. Ukikohoa sana unaambiwa, "Kunywa na cha mwenzako."

Nilianza kukohoa kiangazi, ile Januari ambayo hata nyasi za uwanjani ziligeuka manjano. Nikanywa maziwa. Jirani yetu Mama Chebet, Mkipsigis mzee mwenye roho ya kulea dunia nzima, akawa ananiletea mursik, maziwa lala ya kwenye kibuyu, yana mkaa kidogo ndani.

"Kunywa hii yote," alikuwa akiniambia. "Vumbi itateremka. Mimi nililea watoto wanne wa soti na hii."

Nikanywa. Sketi ikaanza kuzunguka kiunoni, nikaishika kwa pini. Asubuhi naamka blanketi limelowa kama limefuliwa, nikasema ni joto la kiangazi. Mvua zikaanza, bado likalowa, nikasema ni mabati yanavuja. Dispensari ya shamba wakanipa dawa ya maji ya kikohozi, tamu, nikaimaliza kama soda. Msichana mmoja wa soti alinitania, "Akoth, leo umekohoa hadi supavaiza amesimamisha mashine, akidhani ndiyo imeharibika." Nikacheka na wenzangu. Kwa kweli nilicheka.

Asubuhi moja ya Aprili nilikuwa kitandani nahesabu. Tok. Tok. Tok. Halafu kukawa kimya kidogo, na nikasikia kikohozi. Nikashika mdomo wangu. Sikuwa mimi.

Nikangoja. Tok. Tok. Kikohozi. Kilikuwa kikavu, cha kutoka chini, ndugu kabisa na changu.

Nilitoka nje nimejifunga shuka. Okinyi alikuwa ameegemea mti, kibao katikati ya magoti.

"Umeanza lini?"

"Nini? Hii? Ni baridi tu, Akoth. Rudi ndani, umande utakumaliza."

"Wewe hujaingia soti hata siku moja."

Akanitazama. Okinyi si mjinga, yale macho yake yanaona mpira ulipoingia. Akaona.

"Zimebaki wiki mbili niende kambi," akasema pole pole. "Wiki mbili, sista yangu. Usianze."

"Nitaenda mimi kwanza hospitali. Wakisema yangu ni vumbi, basi yako ni baridi."

"Na wakisema si vumbi?"

Akaugusa mpira kwa kidole, ukabembea katikati yetu.

Nilikwenda hospitali ya misheni kule Kaplong. Benchi ya wagonjwa wa kifua ilikuwa nje, chini ya mabati, mbali na wengine. Pale hakuna anayeuliza mwenzake anaumwa nini. Unasogea tu, tako kwa tako, mtu mmoja akiingia ndani. Mama mmoja alikuwa anafuma sweta ya mtoto, akikohoa anahesabu upya mishono. Nikapewa kikopo nitemee makohozi, nikaambiwa nilete mengine ya asubuhi. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu, Jumatatu, sista mnene mwenye miwani akaniita ndani, akafunga mlango.

"Wewe ni wa soti?"

"Ndio, sista."

"Watu wa soti huja kwangu mkiwa mmechelewa. Mnakunywa maziwa mpaka mnabaki mifupa." Akaushika mkono wangu, na ndipo nikajua kabla hajasema. "Ni TB. Inatibika. Umesikia neno la pili? Miezi miwili ya sindano hapa wadini, miezi sita ya tembe nyumbani. Na wote mnaolala nyumba moja waje tuwapime. Nani anakohoa?"

Nikasema, "Hakuna."

Aliniambia nirudi haraka na nguo zangu. Nikamwomba aningoje hadi Jumamosi. Hakupenda, lakini aliniambia nijifunike mdomo nikikohoa na niwe na kikombe changu peke yangu.

Nilifika nyumbani, Mama akiwa anapepeta mtama na Okinyi akipaka kibao mafuta. Wote wakainua uso.

"Wamesema ni vumbi," nikasema.

Okinyi akafumba macho. Sijawahi kuona mtu akipumua vile.

Alikuwa anaondoka Jumamosi. Nilipiga hesabu yangu: ninyamaze hadi Ijumaa, yeye aende zake Nairobi, mimi niende Kaplong na mzigo wangu. Nilijiambia labda yake ni baridi kweli. Kwamba huko watampa chakula kizuri, atapona. Unaona ndoto zilivyonifanya? Siku nne. Kila asubuhi nilisikia tok, tok, kikohozi, nikavuta blanketi masikioni. Nataka wewe unayesoma uzijue hizo siku nne, kwa sababu kwa watu wengine niliowahi kukaa nao benchini, hazikuwa nne. Zilikuwa miezi.

Ijumaa mchana akina mama wa kanisa walikuja kumwombea Okinyi safari. Nyumba ikajaa, wengine wakasimama mlangoni. Kuku alichinjwa. Waliimba, wakaweka mikono kichwani mwake, Mama akalia kidogo kwa furaha. Halafu Mama Chebet akatoa kibuyu chake kikubwa, akatikisa, akamimina mursik kwenye kikombe kimoja, kwa sababu baraka, alisema, haigawanywi kwa vikombe vingi. Akampa Okinyi kwanza.

Okinyi akanywa. Akageuka pembeni, akakohoa kwenye ngumi. Akakipitisha kikombe kwa Mama, na Mama akakinyoosha kwa mjukuu wa Mama Chebet, mtoto wa miaka mitatu hivi aliyekuwa amekaa mapajani pake.

"Msinywe!"

Sikujua ni mimi niliyepiga kelele hadi nilipoona nyuso zote zimenigeukia. Baadaye sista aliniambia hatari kubwa ilikuwa kwenye pumzi ya chumba kile, si kwenye kikombe. Siku ile sikujua. Niliona tu kikombe kinafika mdomoni mwa mtoto.

"Nina TB," nikasema. "Sio vumbi. Nimewadanganya tangu Jumatatu. Na Okinyi naye anakohoa, lazima apimwe."

Mtu mmoja mlangoni akatoka, mwingine akamfuata. Mama Chebet alikichukua kikombe, akamchukua mtoto, akasimama katikati ya nyumba kama amesahau mlango uko wapi.

Okinyi akasema, kwa sauti ya chini sana, "Ungeniambia mimi, Akoth. Mimi peke yangu, pale mtini. Jumatatu."



Alichukua kibao akatoka nje. Tukamsikia akiupiga ule mpira kuliko siku zote. Haikuwa tok tena, ilikuwa kama mtu anapasua kuni. Soksi ikachanika, nikaona dirishani mpira ukiruka na kuingia kwenye chai. Kisha kikohozi kikamshika, kikamshika, hadi Mama akakimbia nje akamkuta amepiga magoti.

Picha ya kifua chake ilionyesha doa upande wa kulia, juu. Sista alimwonyesha kwa kalamu. Okinyi aliuliza swali moja tu: "India?" Sista akasema hajui mambo ya India, anajua mapafu. Barua ikaandikwa Nairobi, mtu mwingine akaingia mahali pake.

Tulilazwa siku moja, mimi wadi ya wanawake, yeye ya wanaume, katikati ni uwanja mdogo wa kuanikia mashuka. Miezi miwili ya sindano, kila asubuhi, tako la kulia leo, la kushoto kesho, mpaka hujui utalalia lipi. Dawa zilinipa kizunguzungu, nikawa natembea nimeshika ukuta kama mlevi. Na masikio yakaanza kulia, nzzzz, mchana kutwa, kama chumba cha soti kimehamia kichwani. Nilimwambia sista, akapunguza dozi, lakini sikio la kushoto halikurudi lote. Nililia kwa hilo kuliko TB yenyewe. Niliogopa sitasikia tena ile sauti.

Okinyi hakunisemesha wiki tano. Tulikuwa tunakutana kwenye foleni ya sindano, ananipita kama nguzo. Mama alikuja Jumapili akakaa nusu saa kwake, nusu saa kwangu, akibeba maneno yetu kama mtu anayevuka mto na mizigo miwili. Alikuwa amekonda yeye ambaye hana ugonjwa. Kule laini watu walisema mengine, ule ugonjwa mwingine ambao siku hizo hakuna aliyeutaja kwa jina. Wenzangu wa soti hakuna aliyefika.

Wiki ya nne alifika Mama Chebet. Alikuwa ametembea kutoka stendi na kibuyu kwapani, viatu mkononi. Mimi nikarudi nyuma kitandani.

"Mtoto?" nikauliza.

"Amepimwa. Hana kitu." Akamimina mursik kwenye kikombe changu, kile changu cha peke yangu. Akanywa yeye kwanza, nusu nzima, akanipa. "Nimeuliza sista. Amesema umemeza dawa za kutosha, huwezi kuniua tena. Kunywa. Hii si ya vumbi, hii ni ya njaa."

Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Wiki ya tano, kwenye foleni, Okinyi akawa nyuma yangu. Nikahisi anapumua. Halafu akaniinamia upande wa sikio zima.

"Akoth. Mkojo wako pia umekuwa kama soda ya machungwa?"

Ni zile dawa, hugeuza mkojo rangi. Nilishikwa na kicheko hadi nikashika ukuta.

"Wangu ulinitisha," nikasema. "Nilidhani nimepasuka ndani."

"Mzee wa kitanda cha pili ameuliza kama wake unaweza kupaka rangi nyumba."

Foleni nzima ikacheka, hata yule mama wa sweta. Hatukusemezana mambo ya kikombe wala ya Jumatatu. Lakini tangu siku hiyo alikuwa ananingoja tuchomwe pamoja.

Miezi ya tembe tuliimaliza nyumbani, mvua za mchana zikipita na chai ikipukutishwa na mawe mara mbili. Redioni wakatangaza timu inacheza India. Okinyi alisikiliza hadi mtu aliyechukua nafasi yake alipotolewa, mapema sana, akaizima redio, akaenda kukata kuni. Mimi nilibaki naitazama ile redio kama mtu aliyeniudhi.

Waliokuja kumwona baadaye hawajui haya, kwa hivyo nitasema. Okinyi aliichezea nchi. Ilimchukua miaka miwili kurudi. Alisafiri ng'ambo, alipigiwa makofi na watu elfu wasiojua Kericho iko wapi, alinunua televisheni Mama akaifunika kitambaa. Lakini pafu lake la kulia lilibaki na kovu. Katika kriketi ukiupiga mpira karibu, unakimbia ili upate mikimbio. Ukiupiga hadi ukavuka mpaka, hukimbii, unapewa minne bila kutoa jasho. Okinyi akajifunza kupiga mbali. Watangazaji walimsifu, wakasema kijana huyu hana woga, ni simba. Siku nyingine alikataa kukimbia, wakasema ni mvivu. Mimi na Mama jikoni tulijua si simba wala mvivu. Alikuwa anatafuta pumzi. Hakudumu kama wenzake. Vijana wenye mbio walipokuja, jina lake likaanza kukosekana kwenye orodha, na sasa anafundisha watoto wa shule Nairobi. Huwa najiuliza ingekuwaje kama ningemwambia Jumatatu. Au Januari. Niliwahi kumwuliza, akanijibu, "Rusha mpira, Akoth," akiwa hana hata kibao mkononi.

Nitarudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu.

Siku Okinyi alipoitwa tena kambini, Mama alimsindikiza hadi Kericho mjini. Nilibaki peke yangu. Nilikuwa nimemaliza tembe zamani na kazi ya soti nilikuwa nimeiacha. Kamba ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkaratusi, tupu, tangu Ijumaa ile. Yeye alikuwa anafanyia mazoezi uwanjani siku hizo, mti ule hakuusogelea.

Nikaingia kwenye chai. Nilikumbuka alivyotufundisha, usikimbie, kumbuka majani yalipotikisika. Nilitambaa chini ya michai magoti yakilowa, na sijui ni bahati au ni nini, nikaupata, umeota ukungu, mshono umefumuka upande mmoja. Nikaupangusa kwa sketi. Ile sketi ya pini, sasa ilikuwa inabana. Nikautia kwenye soksi yangu ya shule, nikaufunga, nikachukua kibao chake cha zamani alichoacha nyuma ya mlango.

Miaka yote nilikuwa nimerusha tu. Sikuwahi kupiga.

Nikageuza sikio zima upande wa mpira, nikapiga.

Tok.

Ukaenda, ukarudi. Nikausimamisha kwa mkono. Nikasimama pale nimefunga mdomo, nikasubiri kikohozi, changu au cha mtu. Nikasubiri hadi king'ora cha kiwanda kikalia na kunyamaza.

Nikauachilia mpira, nikapiga tena.